Maneno ya lumbesa: "makochi ya kisasa" niyarudie mara ngapi?

Swali: Kaka mtaalamu, za kazi? Mimi na mume wangu tuna karakana ya fanicha Keko, Dar es Salaam. Mwaka jana tulimpa kijana mmoja kazi ya kututengenezea tovuti. Alituambia kwamba ili Google ituweke juu, maneno "makochi ya kisasa Dar es Salaam" lazima yafike asilimia 3 au zaidi. Nimekaa nikahesabu: ukurasa wa kwanza una maneno kama 400, na hayo ya makochi yamo mara 23. Chini kabisa kaweka majina ya maeneo yote ya Dar. Wanaotupigia bado ni wale wale waliopita barabarani wakatuona. Juzi mteja kaniuliza kama tovuti yetu imeandikwa na roboti. Sasa kijana anataka tumlipe tena atengeneze kurasa 30, moja kwa kila eneo. Niambie ukweli, yanatakiwa yarudiwe mara ngapi? Halafu nashangaa, maana wateja wangu wa WhatsApp hawasemi "kisasa". Wanauliza mbao ni ya nini, sponji itabonyea lini, na kochi litapita mlangoni au halipiti.

Jibu: Za kazi ni njema, dada yangu. Nianzie kwenye hesabu yako, maana umeifanya vizuri kuliko aliyelipwa kuifanya.

"Makochi ya kisasa Dar es Salaam" ni maneno sita. Mara 23 ni maneno 138. Kwenye ukurasa wa maneno 400, zaidi ya theluthi moja ya ulichokilipia ni kifungu kimoja kinachojirudia. Hata angeifuata asilimia 3 yake mwenyewe, yaani mara 3 kwa kila maneno 100, ambazo kwako ni mara 12, yangekuwa maneno 72, karibu moja ya tano ya ukurasa. Hiyo asilimia 3 Google haijaiweka popote. Hakuna asilimia iliyopangwa, si 3 wala 1. Sera yao dhidi ya ulaghai inazungumzia kurudia maneno mpaka yasikike si ya kawaida, na kwa hilo mteja wako wa juzi alishatoa hukumu.

Wewe uko Dar, lumbesa unaijua. Gunia limeshajaa, bado linaongezewa juu na kufungwa kamba mpaka linaota kichwa cha pili. Mkulima analipwa gunia moja. Kile kichwa cha juu ni mazao yake ametoa bure, na Wakala wa Vipimo wakilikuta njiani ni kosa. Kijana wako amekufungia lumbesa ya maneno. Ngoja nikuonyeshe kwa tarakimu kwamba kile kichwa cha juu hakilipwi.

Kabla ya Google kuanza mwaka 1998, injini za kutafuta mtandaoni kama AltaVista zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, na watu wakajifunza kushindilia. Ila wataalamu wa kutafuta nyaraka walikuwa wameshaliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1972 mwanamama wa Kiingereza, Karen Spärck Jones, aliandika kwamba neno linalopatikana kwenye kila waraka halisaidii kutofautisha waraka na waraka, kwa hiyo neno adimu lipewe uzito mkubwa zaidi. Baadaye, katika miaka ya 1990, Stephen Robertson na wenzake kule London walitoa kanuni iitwayo BM25, ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi za utafutaji, Elasticsearch ikiwamo. Google ya leo ina mambo mengi kuliko hayo, lakini huyu ndiye babu wa ukoo, na tabia yake inafundisha.

Tuseme ukurasa una urefu wa kawaida, na tutumie vipimo vinavyotumika sana katika kanuni hiyo. Neno likitokea mara moja linapata alama 1. Mara mbili, 1.38. Mara tano, 1.77. Mara 23 linapata 2.09. Hata ulirudie mara elfu moja, halitavuka 2.2. Sasa tazama: ile mara ya pili peke yake ilikuletea 0.38. Mara 18 za mwisho, kutoka ya 6 hadi ya 23, zote kwa pamoja zimekuletea 0.32. Na hapo sijahesabu kwamba kanuni hiyo hiyo hupunguza alama ukurasa unaporefuka, kwa hiyo ukishindilia unajiongezea na makato.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la mshangao wako kuhusu wateja wa WhatsApp. "Kisasa" ni neno la kila muuza fanicha kuanzia Keko mpaka Mwenge, kwa hiyo ni jepesi kama pamba. "Mninga" ni zito. "Mkongo" ni zito. "Upana wa mlango" ni kifungu ambacho sidhani kama washindani wako wamewahi kukiandika. Maneno mazuri umekuwa nayo kwenye simu muda wote, na umemlipa mtu akuandikie yale mabovu.

Upande wa adhabu nitapita haraka, kwa sababu sidhani kama ndio ugonjwa wako. Novemba 2003 Google ilifanya badiliko ambalo watu wa tovuti waliliita Florida, na kurasa nyingi zilizoshindiliwa zikaporomoka. Februari 2006 iliiondoa tovuti ya Ujerumani ya BMW kwenye matokeo yake kwa siku kadhaa, kwa sababu ilikuwa na kurasa za danganya toto: mashine inaonyeshwa ukurasa uliojaa maneno ya kuuza magari, binadamu akifungua anapelekwa ukurasa mwingine. Aprili 2012 likaja badiliko la Penguin, nalo likawagusa washindiliaji na wanunuzi wa viungo, yaani wanaolipa ili tovuti nyingine ziwaelekezee wasomaji. Kama kampuni ya ukubwa wa BMW ilitolewa nje, karakana haitaombewa udhuru. Lakini mara nyingi tovuti ndogo haiadhibiwi rasmi. Inapuuzwa tu. Ukurasa upo, Google inaujua, ila haina sababu ya kuutanguliza mbele ya mwingine.

Na mimi nimewahi kufunga lumbesa, nisijifanye mtakatifu. Nilipokuwa naanza kazi hii niliandikia nyumba ya wageni moja ya pwani. Nikaweka "malazi ya bei nafuu ufukweni" kila aya, na mengine nikayaficha kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Nikajiona mjanja. Siku moja mwenye nyumba akaamua ukurasa uwe na rangi ya bahari. Maneno yangu yote yakajitokeza kama panya taa inapowashwa usiku, mistari na mistari ya "malazi ya bei nafuu ufukweni". Alinipigia akidhani tovuti imeingiliwa na wezi wa mtandaoni. Ilibidi nimwambie mwizi ni nani.

Turudi kwenye swali lako la mara ngapi. Kifungu kizima kiweke kwenye kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwenye matokeo ya Google. Kirudi kwenye kichwa cha habari cha juu, kwa umbo tofauti kidogo ukitaka. Kisha kigusie kwenye mistari ya mwanzo, ili aliyefungua ajue hajapotea njia. Baada ya hapo sahau kuhesabu. Na kwa kusahau huko, Kiswahili kina msaada ambao vijana wengi wanaojifunza kazi hii kwa video za Kiingereza hawauoni.

Soma sentensi hii: "Makochi haya tunayatengeneza wenyewe hapa Keko, tunayavika kitambaa unachokichagua, na tunayaleta mpaka sebuleni kwako." Makochi yametajwa mara moja tu. Lakini ile "ya" iliyomo ndani ya kila kitenzi inayabeba makochi mpaka mwisho wa sentensi. Tunayatengeneza, tunayavika, tunayaleta: msomaji hapotei hata hatua moja. Lugha yenyewe inakukumbushia jina bila wewe kulitaja. Mtu anapoandika "tunatengeneza makochi, tunavika makochi kitambaa, tunaleta makochi", Mswahili yeyote anasikia kwamba kuna kitu kimevunjika, hata asipojua kukieleza. Hiyo ndiyo roboti aliyoisikia mteja wako.

Jambo la pili ni la ngeli pia. Anayetafuta kwenye simu hupunguza maneno: "bei kitanda 5 kwa 6", "kabati nguo milango mitatu". Anaacha "ya", anaacha "cha", anaacha "la". Kijana akiona hivyo anabandika kifungu hicho hicho kwenye sentensi: "Karibu upate bei kitanda 5 kwa 6 leo." Usikubali. Andika "Kitanda cha futi 5 kwa 6" kama unavyomwambia mteja aliyesimama mbele yako. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo wa BERT kuelewa maneno kwa kuangalia majirani zake, na Desemba ya mwaka huo ikautangaza kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Vile viunganishi vidogo tulivyokuwa tunaviona takataka ndivyo vinavyosaidia maana ieleweke.

Usiogope pia umoja na wingi, wala majina mawili ya kitu kimoja. Ukiandika kama binadamu, "kochi" na "makochi" yatakuja yenyewe, na "sofa" itachomoza mahali pake, kwa sababu ndivyo tunavyozungumza. Cha kuepuka ni ule mstari wa "makochi, sofa, sofa seti, viti vya sebuleni, kochi, masofa" uliowekwa kama foleni ya mwendokasi. Hiyo ni lumbesa ile ile, imebadilishwa gunia tu.

Tuyaangalie sasa maandishi yenyewe. Aya ya kwanza ya tovuti yako, kama nilivyoikuta, inasema:

"Je, unatafuta makochi ya kisasa Dar es Salaam? Sisi ni wauzaji wa makochi ya kisasa Dar es Salaam. Makochi yetu ya kisasa Dar es Salaam ni makochi bora ya kisasa Dar es Salaam. Karibu ujipatie makochi ya kisasa Dar es Salaam."

Sentensi nne, makochi mara tano, Dar es Salaam mara tano, na sijajua mbao ni ya nini. Mimi ningeiandika hivi, na pale nilipokisia wewe utarekebisha:

"Tunatengeneza makochi ya kisasa Keko, Dar es Salaam, kwa mbao ya mninga au mkongo. Ukifika karakanani tutakuonyesha fremu kabla haijavikwa kitambaa, uone maungio yalivyo na uibonyeze sponji kwa mkono wako. Kabla hujalipa chochote, pima upana wa mlango wako na wa korido ututumie. Kama seti ya L haitapita, tunaitengeneza vipande viwili vinavyounganishwa sebuleni."

Kifungu chako kimo, mara moja, kimekaa kama kilizaliwa hapo. Pamoja nacho kuna mninga, mkongo, fremu, sponji, seti ya L, upana wa mlango. Kila kimoja ni swali ambalo mtu fulani anaweza kuliandika Google usiku mke na mume wanapobishana kuhusu sebule. Ukurasa ule wa zamani unaweza kujibu utafutaji mmoja tu, tena wenye wauzaji wengi kupita wote.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, ikiwezekana fundi wako wa randa. Akikwama au akicheka, weka alama hapo. Kipimo hiki nakiamini kuliko programu yoyote ya kuhesabu asilimia, na nyingi kati ya programu hizo hazijui hata kwamba "tunayavika" inazungumzia makochi.

Orodha ya maeneo iliyoko chini ya ukurasa, iondoe leo. Sera ya Google inautaja mfano huo huo: rundo la majina ya miji na mitaa lililowekwa ili ukurasa uonekane unapotafutwa kila mji. Hii haina maana usiitaje Kigamboni. Itaje panapokuwa na la kusema. Kama gari lenu linapita Daraja la Nyerere na tozo ya daraja mmeshaiweka kwenye gharama ya usafiri, andika hivyo. Mtu wa Kigamboni atafurahi, na jina la Kigamboni litakuwa limeingia kwa mlango wa mbele. Kama Tegeta na Mbagala mnapeleka kwa bei tofauti, weka bei zenyewe. Kadhalika hizo kurasa 30 za "Makochi Kimara", "Makochi Tabata", "Makochi Gongo la Mboto" zenye maandishi yale yale na jina la mtaa limebadilishwa: usilipe. Karakana yako ni moja, iko Keko. Na akikwambia mashine ya akili bandia itaziandika zote kwa saa moja, jibu ni lile lile. Tangu Machi 2024 sera ya Google inakataza waziwazi kuzalisha kurasa kwa wingi ili tu kupanda kwenye matokeo, iwe zimeandikwa na mtu au na mashine.

Kuna sehemu ambazo lumbesa hufichwa na wewe mwenye mali huzioni. Ya kwanza ni maelezo ya picha, yale maneno yanayokaa nyuma ya picha. Kazi yake ni kumsaidia asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti. Niliangalia picha yako ya kochi la kijivu, nikakuta "makochi ya kisasa Dar es Salaam makochi bei nafuu makochi mazuri". Mfikirie asiyeona anasomewa hivyo kwenye kila picha, na una picha nyingi. Andika "Kochi la L la kitambaa cha kijivu, miguu ya mninga". Inatosha.

Ya pili ni jina la karakana kwenye ramani ya Google. Mmeandikwa jina lenu, kisha "Makochi Vitanda Kabati Bei Poa Dar". Masharti yao yanataka jina liwe lile lililoko kwenye kibao chako cha nje. Akaunti inaweza kusimamishwa kwa hilo, na kwa biashara ya kupita barabarani kama yako, kupotea kwenye ramani kutauma kuliko kushuka kwenye matokeo. Hili ningelirekebisha hata kabla ya tovuti.

Ya tatu ni ule mstari uliofichwa ndani ya ukurasa, uitwao "meta keywords", ambamo kijana kaorodhesha maneno zaidi ya 60. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiutumii kupanga matokeo ya tovuti. Haukudhuru, haukusaidii, ni kama kuandika bei kwenye sakafu chini ya zulia.

Kuhusu kupima: kuna huduma ya bure iitwayo Google Search Console. Itakuonyesha watu waliandika nini hasa ndipo ukurasa wako ukajitokeza, ulijitokeza mara ngapi, na wangapi walibofya. Kuna pia sehemu inayosema kama wafanyakazi wa Google wametoa adhabu kwa mkono. Kama hakuna kitu hapo, huna wa kumwandikia barua ya msamaha. Safisha maandishi, omba ukurasa upitiwe upya, kisha uwe na subira ya wiki kadhaa mpaka miezi. Ukirudi, angalia maneno yaliyowaleta watu. Ukikuta "mlango mwembamba" au "sponji isiyobonyea", hapo ndipo pa kuandika ukurasa mwingine mzima, wenye picha ya sponji mpya ikiwa pembeni ya ile iliyokaliwa miaka mitatu. Mwombe mteja wa zamani akuruhusu upige picha ya kochi lake.

Kijana usimfukuze. Kuondoa orodha ya maeneo, ule mstari wa maneno 60 na kurekebisha maelezo ya picha ni kazi ya siku moja au mbili, mlipe kwa hiyo badala ya zile kurasa 30. Ila kabla hajaanza, hakikisha Search Console, ramani na jina la tovuti yenyewe vyote vimeandikishwa kwa barua pepe yako wewe. Kama viko kwa barua pepe yake, anza na hilo kesho asubuhi.